Kisigino changu na chupa ya barafu

Kila alfajiri nilishuka kitandani kama ninayekanyaga misumari. Nilikwenda chooni nikijishikiza ukutani, lakini chai ikichemka maumivu yameshapungua. Mume wangu akasema ni baridi imeingia mguuni. Baridi, Tanga, mwezi wa Februari!

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, nasimama kwenye sakafu ya saruji kutwa, na nilikuwa navaa kandambili zilizolika soli. Mtaalamu wa fiziotherapia alinibonyeza kisigino upande wa ndani, nikaruka. Akanieleza kwamba chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka mfupa wa kisigino hadi vidoleni. Ukielemewa, unauma pale uliposhika mfupa.

Nilitaka anichue kisigino tu. Yeye akaanzia shavu la mguu, kwa vidole gumba na mafuta ya nazi. Ilikuwa raha, ila nafuu ilidumu saa chache. Mazoezi ndiyo yaliyonitoa. Kabla ya kushuka kitandani navuta vidole vya mguu kuelekea ugoko, nahesabu hadi 10, narudia mara 10. Siku moja ndiyo, moja hapana, nasimama kwenye ngazi, taulo iliyokunjwa chini ya vidole: nanyanyua visigino kwa sekunde 3, natulia 2, nashusha 3. Jioni naviringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda. Wanangu wameshaambiwa hiyo si ya kunywa.

Imechukua miezi minne. Kandambili nimezitupa, raba za mtumba zinachekesha na gauni, lakini nafika chooni bila ukuta.