Sungura wangu wameacha kupigana

Alhamdulillahi, leo siku ya tisa sijakuta manyoya yametapakaa bandani. Nina sungura wawili majike, ndugu wa tumbo moja, hapa Wete. Walilala pamoja tangu wadogo, mpaka walipotimiza miezi mitano mmoja akaanza kumfukuza mwenziwe. Asubuhi moja nikakuta sikio limechanika.

Nikaongeza bakuli la pili. Nikapanua banda. Wapi!

Basi nikaweka wavu wa chuma wa matundu madogo katikati: waonane, wanusane, wasifikiane. Kila siku nikiwabadilisha upande, huyu alale penye harufu ya yule. Baada ya wiki mbili nikawakutanisha ukumbini, mahala ambapo hakuna aliyewahi kukojoa, dakika kumi tu, kila mmoja na ukoka wake. Walipoanza kulambana nikaliosha banda kwa siki, nikautoa wavu.

Lakini kilichomaliza kazi ni boksi la kulalia. Lilikuwa na mlango mmoja. Mnyonge akikimbilia ndani anabanwa pembeni, ndipo damu inapotoka. Nikakata tundu la pili kwa nyuma, la kumtosha sungura kupita bila kubanwa. Sasa akifukuzwa anatokea huko, na mbabe anabaki kunusa boksi tupu.