Kinga ya paja ya mashoto

Mwanzoni mwa 2015 nilikuwa nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na jioni tulikuwa wachache tunaocheza kriketi kwenye kiwanja cha vumbi tupu. Mimi ni mashoto, kwa hiyo mguu unaomwelekea mrushaji ni wa kulia, na ndio unaokula mipira. Kinga ya paja niliyonunua mtumba Dar ilikuwa ya mtu wa mkono wa kulia. Nikiigeuza, inakimbilia nyuma. Paja likawa na rangi ya bilinganya.

Nikaenda kwa fundi viatu mmoja Majengo. Kriketi hakuwahi kuiona. Aliupima mpira kwenye mizani ya muuza dagaa jirani yake, gramu 160, kisha akauchana mmoja uliochakaa: ngozi, nyuzi zilizobanwa, katikati kitu kile kile cha vizibo vya chupa za mvinyo.

"Mwanangu, huu si mpira. Hili jiwe limevalishwa ngozi."

Akaniambia nisimame kama uwanjani. Nikainama na fimbo mbele ya banda lake, naye akanipima kwa futikamba magoti yakiwa yamekunjwa hivyo hivyo. Bodaboda walicheka mpaka wakachoka.

Ya kwanza ilimshinda. Aliweka sponji nje na plastiki ndani, na mpira wa kwanza tu plastiki ikanichapa kama kiboko. Nilipomrudishia hakujitetea, alifumua mishono yote. Akakata ubavu wa dumu la mafuta, akaupasha juu ya jiko la mkaa mpaka ukalegea, akanizungushia gunia bichi pajani na kuubonyeza juu yake hadi ukapoa. Moshi wake sijausahau. Safari hii plastiki ikakaa nje isambaze pigo, sponji ya godoro ikawa ndani, ngozi ya mbuzi juu ya vyote, imeshonwa kwa msharasi na uzi wenye nta.

Wakati anakaza mkanda nilimsimulia habari ya Phillip Hughes, mchezaji kriketi wa Australia, mashoto mwenzangu, aliyefariki Novemba 2014 baada ya mpira kumpiga shingoni kule Sydney, na helmeti kavaa. Fundi akanyamaza. Akaweka msharasi chini, akanigusa nyuma ya sikio, akashuka taratibu mpaka shingoni.

"Na hapa unakingwa na nini?"

Nikasema hapana kitu, na hela yenyewe imeishia kwenye paja.

"Sijakuuliza hela. Kesho niletee hiyo helmeti."