Hela ya Ufundi

Mwaka 2018, miezi michache baada ya Dodoma kutangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili, nilipigiwa simu na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Area D. Alitaka tovuti, na kabla hata hajanieleza anataka tovuti ya namna gani, aliniuliza nitamtoza shilingi ngapi. Nilimwomba anipe nafasi nikaione kazi kwanza. Hadi wakati huo nilikuwa nimewatengenezea tovuti ndugu, marafiki na kwaya moja ya kanisani, na kila mmoja alinipa alichojaliwa, jambo ambalo halikunisumbua kwa sababu nilikuwa na mshahara wa dukani. Sasa duka nilikuwa nimeliacha, na bei nitakayoitaja ndiyo ingelipa kodi ya chumba changu cha Chang'ombe.

Nilimkuta mapokezi akiwa na daftari la wageni mbele yake. Nilimwamkia, akaitikia, akaagiza niletewe chai, kisha akaligeuza daftari upande wangu ili nijisomee mwenyewe. Kurasa za Mei na Juni, wakati wa Bunge la bajeti, zilikuwa zimejaa hadi pembeni, majina mengine yameandikwa kwa kubanwa juu ya mstari. Za Agosti zilikuwa na majina matatu au manne, kisha nafasi tupu. Alinieleza kwamba tangu serikali ilipotangaza mwezi Julai 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwelikweli, watumishi wengi waliohamishwa walikuwa wakilala kwake wiki nzima huku wakitafuta nyumba za kupanga, lakini wakishapata nyumba Ilazo au Kisasa hawarudi tena. Vyumba vilikuwa 18, kila kimoja shilingi 40,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Alichohitaji ni watu wa semina na wasafiri wampate miezi ambayo waheshimiwa hawapo mjini.

Kisha akaniambia kwamba amekwisha kupewa bei mbili. Kijana mmoja anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma alimwambia laki mbili, na kampuni ya Dar es Salaam ilimletea profoma ya milioni tatu na nusu. "Sasa wewe mwanangu," akasema, "uko wapi kati ya hao?"

Swali hilo nilirudi nalo nyumbani, na nakiri lilikuwa na mtego. Jambo rahisi lingekuwa kusimama katikati, niseme milioni moja na nusu, nionekane si wa bei ya kutupa wala si wa bei ya kutisha. Lakini kila nilipolifikiria niliona kwamba namba hiyo isingekuwa na maelezo yoyote, na mama yule alikuwa mfanyabiashara. Angeniuliza moja na nusu imetoka wapi, nami nisingekuwa na jibu. Yule mwanafunzi alikuwa sahihi kwa bei yake, kwa kuwa analala hosteli, ana mkopo wa masomo na anatumia intaneti ya chuo. Kampuni nayo ilikuwa sahihi, kwa kuwa ina ofisi, ina wafanyakazi na ina gari la kuwalipia mafuta. Bei zao zilieleza maisha yao. Yangu bado ilikuwa haijaeleza ya kwangu.

Jirani na chumba changu palikuwa na karakana ya fundi wa madirisha ya aluminiamu, mzee wa makamo aliyependa kufanya kazi redio ikiwa imewashwa kwa sauti ya juu. Jioni ile nilimpa shikamoo nikakaa juu ya kasha la misumari, nikamuuliza anapangaje bei. Hakusita. Alichukua kipande cha karatasi ya boksi, akakigawa kwa penseli sehemu mbili, upande mmoja akaandika vifaa, upande wa pili ufundi. Vifaa, alisema, ni vya mteja. Anampa orodha, akanunue mwenyewe au waende pamoja dukani, ili asije akadhani fundi amejificha humo. Ufundi ndio wa kwake, na huo hauhesabu kwa dirisha tu, maana ukuta usionyooka humla siku mbili zaidi ya ukuta ulionyooka. Nilimuuliza basi huo ufundi anajuaje ni kiasi gani. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Dogo, mimi najua nyumba yangu inakula nini kwa mwezi, na najua mwezi hauna siku thelathini za kazi."

Maneno ya mwisho ndiyo niliyoondoka nayo. Usiku nilifungua kaunta buku nikaandika kwanza matumizi yangu bila kujidanganya: kodi ya chumba 80,000, chakula 200,000, LUKU na bando 90,000, fedha ya kumtumia mama Mpwapwa 100,000, akiba ya kompyuta mpya 100,000 kwa sababu ile niliyokuwa nayo ilikuwa ikizimika kila betri ikiguswa, nauli na mengineyo 80,000, na 50,000 ya kodi ya serikali na dharura. Jumla ilikuwa 700,000. Baada ya hapo nikaja kwenye siku. Anayefanya kazi ya kujitegemea hulipwa kwa siku chache kuliko anazofanya kazi. Kuna siku za kutafuta wateja, siku za kwenda kumsubiri mtu aliyesema njoo saa nne akatokea saa nane, siku za kujifunza kitu kipya na siku za umeme kukatika. Nilijipa siku kumi za malipo kwa mwezi, na hivyo siku moja yangu ikawa 70,000. Ukiitazama pekee inaonekana kubwa. Ukiijua imebeba siku mbili nyingine zisizolipwa, haishangazi tena.

Nikaipima kazi yenyewe. Muundo na kurasa, matoleo mawili ya Kiswahili na Kiingereza, kupiga picha za vyumba, fomu ya kuomba chumba inayotuma taarifa kwenye barua pepe na simu ya mapokezi, kujaribu yote hayo kwenye simu za bei ndogo ambazo wageni wengi hutumia, na kumfundisha mhudumu kubadilisha bei mwenyewe. Niliona siku kumi na tano, yaani 1,050,000, nikaongeza 150,000 ya marekebisho ya awamu mbili, maana hakuna mteja asiyebadilisha rangi baada ya kuonyesha wanawe. Ikawa 1,200,000. Hiyo ilikuwa hela ya ufundi.

Vifaa niliviweka mbali, kama karatasi ya fundi ilivyokuwa: jina la kikoa la .co.tz, yaani anwani ya tovuti, na nafasi kwenye seva inakohifadhiwa tovuti, vyote viwili vikilipiwa kila mwaka, vikiandikishwa kwa jina la biashara ya mama na kwa barua pepe yake. Hapa sikuwa tayari kulegeza. Biashara ikiandikishiwa kikoa kwa jina la fundi, siku fundi akibadilisha namba ya simu au akihamia mkoa mwingine, mwenye biashara hujikuta akiliomba jina lake mwenyewe. Tena mteja akiyaona malipo hayo yakienda moja kwa moja kwa msajili, hatauliza tena ni kiasi gani kati ya fedha zake kinaishia mfukoni mwangu.

Kulikuwa na njia nyingine mbili ambazo nilizifikiria nikaziacha. Kutoza kwa ukurasa nilikukataa upesi, kwa kuwa mteja angeanza kubana maneno yote kwenye kurasa mbili ili aokoe, tovuti ikaharibika kwa sababu ya bei. Kuchukua sehemu ya mapato ya kila mgeni atakayeletwa na tovuti kulinivutia zaidi, lakini nani angejua mgeni ametoka wapi? Anaweza kuiona tovuti akiwa Mwanza, akapiga simu akiwa stendi, akaandikwa kwenye daftari kama mtu aliyepita njia. Ningekuwa nadai hesabu nisiyoweza kuithibitisha, na kila mwezi tungekuwa na maneno.

Hata hivyo fikra hiyo ya pili ndiyo iliyonipa hoja. Mama alikuwa amejiandikisha Booking.com, tovuti ya kuombea vyumba vya hoteli, ambako mwenye hoteli hukatwa sehemu ya malipo ya kila mgeni, na kwake makato yalikuwa asilimia 15. Kwa chumba cha 40,000, hiyo ni 6,000 kila usiku. Bei yangu ilikuwa sawa na makato ya siku 200 za mgeni mmoja.

Siku ya kupeleka profoma nilimkuta na mpwa wake, kijana anayemshughulikia mahesabu. Mama aliisoma polepole, akavua miwani, akasema kile nilichokuwa nimekitarajia: "Punguza mwanangu. Nikupe laki saba tuanze kazi." Nilimjibu kwa heshima kwamba siku za kazi siwezi kuzipunguza, ila kazi yenyewe inaweza kupungua, kisha nikamwomba achague kinachoweza kutoka. Nadhani hakuzoea kujibiwa hivyo, maana alinyamaza, kisha akaanza kupita mstari kwa mstari. Fomu ya kuomba chumba hakutaka iguswe. Picha, mpwa alisema, atapiga yeye, ana simu nzuri. Kiingereza kingeandikwa na binti yake aliyekuwa akifundisha sekondari. Hayo mawili nilikuwa nimeyahesabia siku mbili na kitu, nikatoa 150,000, tukafika 1,050,000.

Hapo ndipo nilipomtajia makato ya 6,000. Mpwa alichomoa kikokotoo na kugawanya, akapata 175. Mama akaangalia dari kidogo, akafanya hesabu yake ya namna nyingine: "Ni kama nyumba ijae siku kumi bila hao Booking." Ilikuwa karibu kabisa, kwa vyumba 18. Nilimkumbusha kwamba si kila mgeni atapitia tovuti, na kwamba Booking.com asiiache kwanza, kwa kuwa wageni wa nje wataendelea kuitumia. Sikuona faida ya kumwahidi ambacho sikukiamini.

Mpwa ndiye aliyeleta jambo la kodi ya zuio, akitaka kujua kama nimeliona. Kwa kuwa biashara yao ilikuwa kampuni, walipaswa kukata asilimia 5 ya malipo ya huduma na kuipeleka TRA, nami nilikuwa nimeliandika chini ya profoma pamoja na TIN yangu: watazuia 52,500, watanipa cheti, mkononi nitapata 997,500. Akatikisa kichwa kukubali, na kuanzia hapo aliniita fundi badala ya dogo. Malipo tuliyagawa mara tatu, nusu siku ya kuanza, asilimia 30 siku watakapoiona tovuti ikifanya kazi kwenye simu ya mapokezi, na iliyobaki siku ya kukabidhi nywila zote. Mama aliongeza sharti moja kwa mkono wake kwamba nikichelewa bila taarifa, awamu ya mwisho itasubiri. Nililikubali, kwa sharti kwamba picha zisipofika kwa wakati siku hazihesabiwi.

Picha zilichelewa, kama ambavyo picha huchelewa, na sharti langu likafanya kazi yake bila ugomvi. Awamu ya mwisho ililipwa kwa benki, cheti cha kodi kikafuata.

Kabla mwaka haujaisha alinipigia mfanyabiashara wa mvinyo anayenunua zabibu za Hombolo. Alikuwa ameelekezwa na mama, na hakuniuliza bei; aliniambia tu kwamba anayo ile milioni moja na hamsini, nianze lini. Nilimuuliza kama anataka watu wanunue chupa na kulipia kwa simu humohumo kwenye tovuti. Akasema ndiyo, na apeleke hadi Arusha. Nikamwambia ile ilikuwa bei ya nyumba ya wageni, na kwamba ya kwake nitaileta baada ya kuona anavyofungasha na anavyopokea fedha. Alilalamika kidogo, akasema nije Jumatatu.