Nilivyoliokoa bwawa letu la shamba, Pemba

Kwetu upande wa Wete hakukosekani bonde la mpunga. Bwawa aliloniachia ami yangu liko juu ya bonde moja katika hayo: tuta la udongo lililozuia kijito, kimo chake watu wawili na kidogo. Chini yake kuna mpunga, kisha nyumba, kisha njia wanayopita watoto kwenda skuli. Walionambia "liwache, mbona limekaa miaka yote" walikuwa wanacheza na roho za watu, na mimi sikukubali.

Ushauri nilioupata! Mmoja kanambia nipande mivinje juu ya tuta, mizizi ishike udongo. Mwengine kanambia nifunge wavu kwenye utoro, yaani ile njia ya kutolea maji yanayozidi, ili perege wasitoroke masika. Huyu wa wavu nilimjibu kwa kisa cha South Fork, Pennsylvania, Marekani. Lilikuwa bwawa la udongo, mali ya klabu ya matajiri wavuvi. Waliweka vyuma vya kuzuia samaki kwenye utoro, na mvua kubwa ilipokuja takataka zikaziba pale. Tarehe 31 Mei 1889 maji yakapita juu ya tuta, tuta likakatika, wakafa watu 2,209. Perege wakitoka na watoke, wengine watazaliwa. Utoro uwe mweupe, bila wavu, bila gogo, bila nyasi ndefu. Wala tusidhani mambo haya ni ya zamani na ya mbali: bwawa la mtu binafsi kule Solai, Nakuru, lilikatika usiku wa Mei 2018 likaua zaidi ya watu arubaini.

Kilichonitia wasiwasi ni mwembe uliokuwa umesimama juu ya tuta lenyewe, na chini yake, upande wa bondeni, ardhi haikauki hata jua la kaskazi. Maji kuvuja kidogo si ajabu kwa tuta la udongo. Linalotakiwa kujulikana ni kama yanatoka na udongo. Nilichimba kijishimo pale yanapotokea, nikatia kipande cha bomba, maji yakawa yanadondokea kwenye ndoo nyeupe. Asubuhi ukiimwaga taratibu unaona chini kumelala udongo laini mwekundu. Hapo nikajua tuta linaliwa kwa ndani, mwembe lazima uondoke, na kabla yake maji yapungue.

Sasa ndipo alipokuja bwana mmoja, anajiita fundi, akasema tulikate tuta kwa jembe maji yatoke, tutaliziba baadaye. Nilikasirika! Ukiyapa maji mfereji kwenye udongo mtupu, wao ndio watakaoamua upana wake, si wewe na jembe lako. Tena bwawa likishuka kwa ghafla, udongo wa upande wa ndani bado umelewa maji na haukuegemea kitu, unaporomoka.

Nilichofanya ni kuyavusha maji juu ya tuta bila pampu wala dizeli. Nilichukua mabomba meusi ya plastiki ya inchi mbili, nikayalaza kutoka ndani ya bwawa, juu ya tuta, mpaka chini kabisa bondeni. Juu, pale bomba linapopinda, nikatia tii, kiungo cha bomba chenye midomo mitatu, mdomo wa juu una kizibo. Kule chini nikatia koki. Mtoto wa dada yangu akazamisha mdomo wa ndani na kuuziba kwa kiganja, mimi nikamimina maji kwenye tii mpaka hewa yote ikatoka, nikakaza kizibo. "Haya, wachia!" Nikakimbia kufungua koki, maji yakatoka kwa nguvu, na yakaendelea usiku na mchana. Wazee waliokaa pembeni wakinihurumia walinyamaza kimya. Sharti ni moja: mdomo wa nje uwe chini kuliko maji ya bwawani. Maji yalikuwa yanashuka chini ya shubiri kwa siku, na ndivyo nilivyotaka.

Mwembe tuliukata, lakini kazi khasa ni mizizi. Ukiukata mti ukaiwacha, mizizi itaoza na kila mmoja utakuwa bomba la maji; na hilo ndilo jibu langu kwa yule wa mivinje. Tuliufuata mmoja mnene kama mkono, umekwenda mpaka karibu na upande wa maji, na ganda lake lilikuwa zima ila ndani umeshakuwa uji; kidole kinaingia chote. Shimo tulilipasua kwa ngazi ngazi ili udongo mpya ushikane na wa zamani, tukajaza kinamo, udongo ule unaonata, cha bondeni kwa tabaka za nusu futi, kila tabaka ikishindiliwa kwa mchi mpaka mchi unaruka. Kinamo ukikifinya kiganjani kishikane, kisichuruzike.

Juu tukapima kwa mpira wa levo wa waashi, ule unaotiwa maji kujua wapi juu na wapi chini. Katikati ya tuta palikuwa pamezama, kwa sababu magari ya ng'ombe yalipageuza barabara. Maana yake utoro ulikuwa upo kwa jina tu, maji yangepita katikati kwanza. Tuliinua tuta mpaka likawa juu ya sakafu ya utoro kwa mita moja nzima, tukapanda ukoka, na magari yakahamishwa njia. Wenye magari walilalamika, sheha, kiongozi wa mtaa wetu, akanisaidia kuwatuliza.

Gharama ni laki kadhaa. Nyingi ilikwenda kwenye mabomba na chakula cha vibarua.

Masika yaliyofuata yalikuwa mazito. Utoro ulibeba maji yote, tuta halikuguswa, na ndoo nyeupe ikawa inatoa maji safi, alhamdulillahi. Kila mvua kubwa naitazama, na tumekubaliana na sheha: maji yakibadilika rangi, nampigia yeye kwanza, na watu wa nyumba za chini wanapanda skuli, hata ikiwa usiku wa manane. Kilichobaki ni mwisho wa utoro, pale maji yanapoangukia, pameanza kuchimbika. Mawe nimeshayaleta, kaskazi hii tunayapanga.