Pijo ya mzee inanguruma
Pikapu ya mzee, Peugeot 504, imetoka gereji wikendi hii. Tulikwangua rangi hadi chuma kitupu, na chini ya mkeka wa dereva kutu ilikuwa imekula sakafu, unaona ardhi! Fundi akakata, akachomelea bati jipya. Injini ni ileile, ila tumeipa kabureta (kichanganya petroli na hewa) kubwa na ekzosi pana. Nyuma tumetoa majani kadhaa ya springi, zile pau bapa za chuma zinazobeba uzito, ikae chini. Mzee kaizunguka kimya, kisha: “Sasa mbolea itabebwa na nani?” Gea ya usukani, ile ya mkono ulio kando ya usukani, nimekataa isiguswe. Kutoka nyeupe imekuwa nyekundu, kwa hivyo logibuku (hati ya umiliki wa gari) lazima ibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri Kenya. Mwenye vitasa vya milango vya 504 anicheki inbox.