Watafakarini Kunguru

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Luka 12:24.

Juzi kwenye ibada ya nyumbani tulisoma Zaburi 104, kisha tukakubaliana kila mmoja aandike zaburi yake fupi kuhusu kazi ya mikono ya Mungu. Yangu ilianza hivi: "Ee Bwana, nakusifu kwa ndege wazuri na maua yapendezayo." Wenzangu wakaitikia amina. Nikiwa njiani kurudi, maneno yale yalinikosesha raha. Ndege gani? Sikuwa nimemtazama hata mmoja.

Aliyeandika Zaburi 104 alikuwa ametazama. Anamtaja korongo na mti anamojenga, mbuzi mwitu na mlima wake, wibari (ndiye pimbi wetu) na mwamba anakojificha. Simba wanarudi mapangoni jua linapochomoza, na saa hiyohiyo mwanadamu anatoka kwenda kazini. Kila kiumbe kina jina lake, mahali pake na saa yake.

Sasa tazameni alivyosema Bwana wetu. Katika Mathayo 6 tunasoma "ndege wa angani". Luka ameandika "Watafakarini kunguru". Walawi 11 imemweka kunguru, kwa aina zake zote, miongoni mwa ndege walio najisi. Haliwi, wala hapelekwi madhabahuni. Angetajwa njiwa, ndege wa sadaka, nadhani wasikilizaji wangekubali upesi na kusahau upesi. Alitajwa yule wasiyemtaka mezani kwao, wakaambiwa kwamba Mungu humlisha. Faraja yote ya mstari ule imebebwa na jina hilo moja.

Kisha anaongeza kwamba hawana ghala wala uchaga. Rudini nyuma mistari michache tu: ametoka kusimulia habari za tajiri aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, na usiku uleule roho yake ikatakwa. Kwa hiyo ghala halikutajwa kwa bahati. Na aliyekulia shamba, akapanda uchagani kushusha mahindi ya mwisho mwezi wa njaa, anajua kukosa uchaga ni jambo zito kiasi gani.

Kunguru wetu wa Pwani, wenye shingo ya kijivu, si aina ile ya nchi ya Biblia. Hawa asili yao ni India, wakaletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kula takataka. Leo wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, wanabeba vifaranga, wanachafua paa. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa idadi ya milioni moja. Sipingani na wanaofanya kazi hiyo. Makinda ya ndege wengine nayo ni ya Mungu. Ninachosema ni kwamba sisi wa Pwani tuna bahati ya pekee kwenye mstari huu, maana ndege tusiyempenda tunaye hapahapa dirishani. Tunaweza kusikia jina lile karibu kama walivyolisikia wao.

Basi Jumanne alfajiri nilikaa kwenye kigoda uani, nikamtafakari. Alitua ukingoni mwa bati, mdomoni ana kipande cha andazi, kikavu, cha jana yake. Akageuza kichwa, jicho moja kwangu. Akashuka hadi kwenye beseni la maji, akakichovya kile kipande, akakiinua, akakichovya tena mpaka kikalainika, ndipo akameza. Halafu akaruka kwenda kwenye mwembe wa jirani, kwenye kiota chake cha vijiti na vipande vya waya, na kelele za makinda zikaanza. Nikakumbuka Zaburi 147:9, kwamba Mungu huwapa chakula wana-kunguru waliao. Kumbe kwa miaka yote nimekuwa nikiita sauti ile makelele.

Wiki hii nawaomba kila mmoja atazame kiumbe kimoja, amwombe Mungu neno la kukisema, na Alhamisi tusomeane. Yangu nimeiandika upya:

Ee Bwana, kunguru wa juu ya bati
amelichovya andazi kavu katika beseni langu.
Makinda yake yalilia, yakanyamaza.
Nami nilikuwa sijawasha hata mkaa wa chai.