Nilivyowaelewa bakteria wa maji baridi nikiwa hapa hapa Dar

Utafiti wangu wa masters ulikuwa na sura moja ngumu kuliko zote, jinsi joto linavyopanga jamii za bakteria kwenye maziwa na mito ya baridi, na mi naishi Dar ambako maji ya simtanki saa nane mchana yanatoka bombani ya moto. Makala nilikuwa nazo nyingi tu, nimezidownload kwa bando la usiku, nazisoma maneno naelewa ila picha haiji kichwani. Naandika nilivyofanya mpaka ikaja maana najua kuna wenzangu wanaandikia mazingira ambayo hawajawahi kuyakanyaga.

Shuleni tunafundishwa kwamba baridi inapunguza kasi ya bakteria, ndo maana nyama inakaa friji. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba joto likibadilika wanabadilika pia wenyewe waliopo, wale waliokuwa wengi wanapungua na waliokuwa wachache wanashika nafasi, na hii ndo sehemu inayonivutia mpaka leo.

Mfano ulionifungua macho ni wa ziwa Toolik kule kaskazini mwa Alaska, ziwa linakaa na barafu juu karibu miezi tisa ya mwaka. Watafiti walichukua maji yanapoingia na yanapotoka ziwani, yalikuwa na nyuzi 14 na karibu 16, wakayagawa na kuyatunza kwenye joto tofauti kuanzia nyuzi 6 mpaka 20. Baada ya siku 5 wakapima uzalishaji, yaani kasi ya bakteria kujenga miili mipya. Sasa ungetegemea uzalishaji uongezeke tu kadiri joto linavyopanda, lakini hapana, ulikuwa na vilele viwili, kimoja nyuzi 12 na kingine nyuzi 20. Yaani ndani ya maji yale yale kuna makundi mawili, wapenda baridi na wavumilia baridi, na kila kundi linasubiri zamu yake, alafu siku chache tu zinatosha zamu ibadilike. Mpenda baridi wa kweli, kwa maelezo ya mtafiti wa bakteria Richard Morita ya mwaka 1975, anakua vizuri kwenye nyuzi 15 au chini ya hapo na akifika kama 20 ndo mwisho wake. Mvumilia baridi anaishi karibu na sifuri ila raha yake iko juu zaidi.

Nikasema ngoja nione kwa macho. Maji nilichota kwenye bwawa la samaki la jirani yetu Kibamba, maabara nikaomba friji la zamani, fundi sanifu wetu akaniambia "dogo friji nakupa ila chakula humu marufuku," nikamjibu "sawa mzee, shikamoo na asante." Nikapaka maji yale yale kwenye sahani za aga (jeli ya kukuzia bakteria) ya aina moja, aga yenye virutubisho kidogo maana bakteria wengi wa maji hawapendi shibe, nyingine nikaweka friji nyuzi 4, nyingine juu ya meza, nyingine inkubeta, kabati la kutunza joto, ya nyuzi 37.

Za 37 kesho yake tu zilishajaa, koloni (vidoa vya bakteria waliozaliana pamoja) kubwa za rangi ya maziwa zimebanana. Za friji zilikaa tupu muda mrefu mpaka mtu angezitupa, alafu zikaanza kutokea doa ndogo ndogo, nyingine za njano, zinang'aa ukiinamisha sahani kwenye mwanga wa dirisha. Sikuzipa majina kwa sababu rangi ya koloni haitoshi kumtambua bakteria, hiyo ni kazi ya vinasaba. Ila nilifanya kitu kimoja ambacho nakishauri sana: nilichukua baadhi ya zile za friji nikazihamishia sahani mpya nikapeleka nyuzi 37, na zipo zilizokataa kabisa kuota, wakati mezani ziliota. Bwawa la Kibamba sio Toolik na wapenda baridi halisi sikuwategemea humo, lakini hata maji yetu ya joto yana wavumilivu wamejificha wachache wachache.

Kwanini mmoja aweze na mwingine ashindwe? Weka mafuta ya nazi na mafuta ya alizeti kwenye friji usiku mmoja. Ya nazi yanaganda kama mshumaa, ya alizeti yanabaki yanamiminika. Utando wa seli nao umejengwa kwa mafuta, ukiganda chakula hakipiti na seli inakwama, kwaiyo bakteria wa baridi wanaongeza mafuta ya aina inayobaki laini. Vimeng'enya vyao, yaani protini zinazoharakisha kazi za seli, pia vimelegea kimaumbile ili vifanye kazi kwenye baridi, na ulegevu huo huo ndo unaoviharibu mapema joto likipanda.

Shida kubwa ilikuwa umeme. Ukikatika mchana friji linapanda haraka na jaribio zima linapoteza maana. Nilinunua deli kama la wauza maji, nikagandisha chupa za maji, sahani nazifunga kwenye nailoni nalaza kati ya chupa, kipimajoto ndani na daftari pembeni naandika kila saa. Bila lile daftari nisingeweza kutetea namba zangu.

Supavaiza aliposoma sura aliuliza swali moja zuri, nimejuaje ni joto na sio chakula. Nikamwambia maji yangu yalikuwa yale yale na aga ile ile, kilichobadilika ni nyuzi tu, na Toolik nako waliona joto lina nguvu zaidi ya asili ya chakula kilichomo majini katika kubadilisha jamii. Akakubali, ila akataka niongeze Tanganyika, ziwa lenye kina kama mita 1,470 na hata chini kabisa maji yake ni nyuzi 23 hivi. Huko hakuna msimu wa barafu wa kubadilisha zamu, kinachowagawa bakteria wa juu na wa chini ni zaidi oksijeni. Hiyo ndo naiandika saivi, mwenye data za vinasaba za Kigoma tuwasiliane.